Rangi za Nguo na Saratani Iliyochelewa

Mwaka 1895 Ludwig Rehn, daktari mpasuaji wa Frankfurt, aliwaeleza wenzake jambo zito. Kati ya wanaume 45 waliokuwa wakitengeneza fuksini, rangi nyekundu ya nguo, watatu walikuwa na uvimbe kwenye kibofu cha mkojo. Ni Rehn huyohuyo ambaye mwaka uliofuata aliushona moyo wa kijana aliyechomwa kisu, naye akapona. Dunia inamkumbuka kwa moyo ule. Onyo lake kuhusu kibofu lilisubiri sana.

Rehn alishuku kemikali iitwayo anilini. Baadaye ilidhihirika kwamba wauaji wakubwa walikuwa kemikali za jamaa moja na anilini, hasa benzidini na beta-naftilamini. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu saratani ya kibofu viwandani. Mwaka 1938, huko Marekani, mtafiti Wilhelm Hueper alionyesha kwamba mbwa waliopewa beta-naftilamini walipata saratani ya kibofu. Uzalishaji uliendelea.

Muda ndio uliowakinga wenye viwanda. Saratani hii huweza kujitokeza miaka 15, 20 au zaidi tangu mtu aanze kuishika au kuivuta kemikali. Kufikia hapo ameshastaafu, au amehamia mji mwingine anakofanya kazi nyingine kabisa. Mjane anazika, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa akifanya nini ujanani.

Mtafiti Robert Case wa Uingereza aliuliza. Yeye na wenzake walikusanya orodha za majina ya watu waliowahi kuajiriwa kwenye viwanda vya rangi, wakazilinganisha na vyeti vya vifo. Matokeo yalitoka mwaka 1954. Katika kiwanda kimoja, wanaume 15 walikuwa na kazi ya kuvukiza beta-naftilamini ili kuisafisha. Wote 15 walipata saratani ya kibofu.

Uingereza ilikuwa imeacha kutengeneza beta-naftilamini mwaka 1949, miaka 54 baada ya onyo la Rehn. Kuchelewa huko hakukutokana na ujinga. Watu waliambiwa, wakachagua faida.

Ewe unayefanya kazi na kemikali leo, tunza mkataba wako na uandike majina ya vitu unavyovishika. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda hospitali mara moja, na umwambie daktari kazi uliyofanya, hata kama uliiacha miaka 30 iliyopita.