Njia ya Nakala: Asili ya Mitandao ya Maghala ya Data

Watu husema kwamba data iliyowekwa nakala tatu iko salama. Neno hili ni nusu ya kweli. Nakala moja ikipotea, hapana budi nyingine itolewe katika zile mbili zilizobaki, nayo ipite njiani. Na njia ikiwa nyembamba, au ikiwa imejaa, usalama ule huwa wa jina tu. Kwa hiyo historia ya maghala ya data, yale ambamo diski elfu nyingi zilizo katika kompyuta mbalimbali hufanya kazi kama diski moja, ni historia ya njia zaidi kuliko historia ya diski. Nataka kuieleza kwa upande huo, maana upande wa diski umekwisha semwa mno.

Asili ya jambo lenyewe haikuwa katika kompyuta bali katika simu. Mwaka 1953 Charles Clos, wa Bell Telephone Laboratories huko Marekani, alichapisha makala juu ya hesabu ya vituo vya simu. Ikiwa waya elfu kumi zaingia kituoni na elfu kumi zatoka, na kila moja yatakiwa iweze kuunganishwa na yoyote iliyo huru bila kuzuiwa, vyahitajiwa viungo vingapi? Kwa njia iliyozoeleka, ya kila waya kukutana na kila waya, ni elfu kumi mara elfu kumi, yaani 100,000,000. Clos alionyesha kwamba swichi ndogo ndogo zikipangwa katika safu tatu, viungo 5,970,000 vyatosha, na hapana simu itakayokosa njia. Kwa kituo cha waya 36 faida yake ni haba: viungo 1,188 badala ya 1,296. Ukubwa ndio uliodhihirisha akili yake.

Wajenzi wa kumbi za kompyuta, hata hivyo, waliendelea kwa muda mrefu kujenga mitandao yao mfano wa mti: kompyuta ni majani, na shina ni swichi moja au mbili kubwa, za ghali, ambazo habari zote za mbali zapita humo. Mti wa namna hiyo husongwa shinani. Mwaka 2008 Mohammad Al-Fares, Alexander Loukissas na Amin Vahdat, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliirudia hesabu ya Clos waziwazi, wakaonyesha kwamba swichi 2,880 za kawaida, kila moja ina matundu 48 ya waya, zaweza kuunganisha kompyuta 27,648 bila shina kuwa nyembamba kuliko matawi.

Lakini kwa nini ghala litake shina nene hivyo? Jibu lilikuwa limekwisha patikana miaka mitano kabla, katika maelezo ya ghala la Google yaliyotolewa mwaka 2003 na Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung. Katika jaribio lao walikuwa na kompyuta 16 za kuhifadhi, na waya wa kila moja uliweza kupokea megabaiti 12.5 kwa sekunde. Mtu atajumlisha apate 200. Mno wa kuandika, hata hivyo, ulikuwa 67 tu, kwa kuwa kila baiti huandikwa mara tatu. Anayepima mtandao wa ghala kwa mahitaji ya wateja peke yao amekwisha kosea kwa theluthi mbili.

Kisha wakafanya jambo ambalo naliona bora kuliko yote katika maandishi yao. Katika ghala la kompyuta 227 waliua moja kwa makusudi, yenye gigabaiti 600 hivi za data. Nakala zake zote zilirudishwa kwa dakika 23.2. Wakaua mbili kwa pamoja. Vipande 266 vikabaki na nakala moja moja, yaani ajali moja tu kutoka kupotea kabisa. Vipande hivyo vilitangulizwa mbele ya vingine, na katika dakika 2 kila kimoja kilikuwa na nakala ya pili. Aidha walikuwa wameweka kikomo: nakala zisizozidi 91 kwa wakati mmoja, kila moja isizidi megabaiti 6.25 kwa sekunde, ili matengenezo yasiwazamishe wateja.

Umuhimu wa kikomo ulionekana kwa uchungu tarehe 21 Aprili 2011, katika eneo moja la kompyuta za Amazon huko Virginia ya kaskazini. Ghala lile lilikuwa na mitandao miwili: mkubwa wa kazi zote, na mdogo wa akiba. Usiku ule mafundi, wakiuongezea uwezo ule mkubwa, walitaka kuzigeuza habari zipite katika ruta nyingine ya mtandao huohuo. Kwa kosa zikaelekezwa kwenye ule mdogo. Ukajaa mara moja. Kompyuta nyingi zikatengwa na wenzao waliokuwa na nakala zao. Njia iliporudishwa, kila iliyotengwa ilidhani nakala yake imekufa, ikaanza kutafuta nafasi ya kutengeneza nyingine, zote kwa wakati mmoja. Nafasi ikaisha, nazo zikazidi kutafuta. Kiasi cha asilimia 13 ya hifadhi za eneo lile zilikwama. Baada ya siku kadhaa za kazi, asilimia 0.07 haikuweza kurejeshwa ikiwa kamili. Mkasa haukuanza kwa kufa diski. Ulianza kwa njia, ukakuzwa na bidii ya kutengeneza isiyo na kipimo. Amazon baadaye ilibadili utaratibu, kompyuta iliyotengwa ingoje zaidi na kwanza iitafute nakala yake ya zamani.

Tangu hapo wengi wamepunguza nakala tatu. Data hukatwa vipande 10, vikaongezwa 4 vya hesabu, na nafasi inayotumika ni mara 1.4 badala ya 3. Lakini kujenga upya kipande kimoja kwahitaji kusoma 10. Mwaka 2013 watafiti waliolichunguza ghala la Facebook walieleza kwamba kazi hiyo ya kujenga upya ilipitisha kati ya makabati takriban terabaiti 180 kwa siku ya kawaida. Walipendekeza namna nyingine ya kuvifanyia hesabu vipande vile, ambayo ingepunguza mzigo huo kwa asilimia 30 hivi.