Je, nyimbo za siku hizi ni zile zile? Historia ya lawama moja kandokando ya ziwa letu

Katika parokia zetu za Uvira, Makobola, Baraka na Fizi, hakuna lawama tunayoisikia mara nyingi kuliko hii. Wazee wanasema: «Nyimbo za vijana ni wimbo mmoja tu. Ukisikia moja, umezisikia zote.» Vijana wanajibu kwamba wazee wamechoka masikio. Sisi mapadri tunaitwa kuamua, na mara nyingi tunaamua haraka, kwa sababu nasi tuna nyimbo tulizozipenda tulipokuwa seminarini. Basi tumeona yafaa kuitazama historia kwanza, maana lawama hii haikuanza jana.

Ilianza kuandikwa juu ya ziwa letu hili, zaidi ya miaka mia moja sitini iliyopita. Mwaka wa 1858 Mwingereza Richard Burton pamoja na mwenzake Speke walipanda mitumbwi Ujiji, wakaja mpaka Uvira wakitafuta habari za mto Rusizi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1860. Humo anawalaumu wapiga kafi wake: sauti moja tu, ndefu, ya huzuni, mchana kutwa, mmoja analia, wengine wanamwitikia kwa kelele, na mbele ya mtumbwi pembe na ngoma bila kupumzika. Mtu huyu alijua lugha nyingi, hata Kiswahili alikuwa amejifunza, lakini katika nyimbo za mababu zetu hakusikia kitu ila marudio.

Tujiulize: je, alidanganya? Hapana. Marudio yalikuwapo kweli. Lakini wimbo wa kafi ni kazi. Kiitikio hakigeuki kwa sababu mikono ya watu wengi inapaswa kushuka majini pamoja. Kikigeuka, kafi zinagongana. Kinachogeuka ni maneno ya yule anayetangulia. Yeye huweza kumsifu mwenye mtumbwi, kumcheka mvivu, kutaja kilima kinachoonekana na mtu aliyekufa hapo. Asiyefahamu maneno yale anabaki na kiitikio peke yake, naye anarudi kwao na kusema: «Wanaimba kitu kimoja.» Hilo ni fundisho la kwanza. Mgeni husikia yanayofanana. Mwenyeji husikia yanayotofautiana. Na mzee mbele ya wimbo wa kijana ni mgeni kidogo, ijapokuwa wimbo unaimbwa katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini tusiwape vijana haki yote mapema hivyo. Kuna mambo yaliyogeuka kweli, na tunaweza kuyataja kwa miaka yake.

La kwanza ni diski. Tangu mwaka wa 1933 diski za GV zilianza kuuzwa Afrika, nazo zilileta nyimbo za Kuba. Watu wetu walizitambua upesi, maana katika midundo ile mlikuwa na damu ya watumwa waliochukuliwa kutoka Kongo. Mwaka wa 1948 Mgriki Jeronimidis alifungua nyumba ya diski ya Ngoma huko Léopoldville, na mwaka ule ule Wendo akaimba «Marie-Louise». Mwaka wa 1953 Kabasele alianzisha African Jazz. Mwaka wa 1956 ikazaliwa OK Jazz. Sasa fikirini: upande mmoja wa diski ya zamani hizo ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo wa ngoma kijijini uliweza kukesha mpaka jogoo awike. Wimbo wa diski ulipaswa kwisha kabla sindano haijafika katikati. Basi wote waliorekodi walikata nguo zao kwa kipimo kimoja: maneno machache, kiitikio, gitare kidogo, kiitikio tena, mwisho. Hizo ndizo nyimbo wazee wetu wanazoziita za dhahabu, nazo pia zilitoka katika kalibu moja.

Hata hivyo kalibu haikumfunga kila mtu. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana Jean-Bosco Mwenda, akarekodi wimbo wake «Masanga». Bosco alikuwa peke yake, na gitare moja, na vidole viwili, yaani kidole gumba na cha shahada. Muda wake ulikuwa mfupi kama wa wengine. Lakini ukisikiliza vizuri, kila mara gitare linaporudi, limebeba kitu kipya kidogo.

La pili ni mchezo wenyewe. Diski kubwa zilipokuja, kipimo kilirefuka, na ile sehemu ya gitare tunayoiita seben ikarefuka pia. Zaiko Langa Langa, iliyozaliwa Desemba 1969, iliacha tarumbeta na kuyapa magitare na ngoma nafasi ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi hilo hilo liliwaingiza waitaji wanaoitwa atalaku, watu wa kutia moto wachezaji kwa vilio vyao. Jambo hili lilipendwa mno. Na kwa kuwa lilipendwa, wote walilifuata: mwanzo wa polepole wenye maneno ya mapenzi, kisha seben, kisha vilio, mpaka mwisho. Tunasema kweli: hapa wazee wana haki. Kilichokuwa uvumbuzi wa kundi moja kilifanyika sheria ya makundi yote.

La tatu ni feza. Diski na kanda zilipoanza kunakiliwa na kila mtu bila mwimbaji kupata faida, ilimpasa atafute chakula mahali pengine. Ndipo ikakua desturi ya mabanga, yaani kutupa majina ya wakubwa na ya wafanyabiashara katikati ya wimbo ili walipe. Tusimcheke mwimbaji, maana ana watoto. Lakini tutambue matokeo yake. Mpiga kafi wa zamani alimtaja mtu kwa sababu ya jambo alilolitenda; mwimbaji wa mabanga anamtaja mtu kwa sababu ya mfuko wake. Mfuko hauna habari ya kusimulia, na kwa hiyo majina yanafuatana, na wimbo haupati cha kusema.

Wataalamu wa Ulaya nao wamelipima jambo hili kwa mashine. Mwaka wa 2012 Joan Serrà na wenzake wa Barcelona walitoa hesabu yao juu ya nyimbo 464,411 zilizorekodiwa kati ya 1955 na 2010. Waliona kwamba njia za kutoka sauti moja kwenda nyingine zimepungua, rangi za vyombo zimekaribiana, na kelele imeongezeka. Wazee wa Uvira wangepiga makofi. Lakini mwaka wa 2015 wataalamu wengine, Matthias Mauch na wenzake, walipima nyimbo karibu 17,000 zilizopendwa Marekani kati ya 1960 na 2010, wakaona jambo jingine: hakuna kushuka kwa daima. Muziki uligeuka kwa nguvu mara tatu, yaani karibu na 1964, 1983 na 1991. Na katikati ya miaka ya 1980 aina zilipungua, kisha zikaongezeka tena. Yaani muziki huenda kama ziwa letu: mwaka mmoja hupanda, mwaka mwingine hushuka. Tena hesabu zile zilipimwa hasa kwa nyimbo za Wazungu na Wamarekani. Mashine hupima sauti. Haijui kama kiongozi amebadili maneno. Kwa neno hilo imekaa mahali pa Burton.

Tena tuseme kwamba marudio yenyewe si kosa, na sisi wa Kanisa ndio wa mwisho kuyalaumu. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inaishia kwa kiitikio kile kile. Litania ya Watakatifu ni nini, na Rozari ni nini? Franco aliimba «Mario» mwaka wa 1985, wimbo mrefu wa zaidi ya dakika kumi, ambamo magitare yanazunguka pale pale. Lakini juu yake malalamiko ya mama yule yanasonga mbele hatua kwa hatua kama kesi mbele ya waamuzi, na hakuna aliyechoka. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alivuka kwenda Dar es Salaam mwaka wa 1978. Kwa midundo ile ile ya Kongo aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini na juu ya kifo, mambo ambayo wenzake waliyaacha. Kalibu ilikuwa ya wote. Maneno yalikuwa yake.

Sasa tugeuze kioo kitutazame sisi wenyewe. Mwaka wa 1958 Padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina walitoa Missa Luba. Mwaka wa 1963 Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika aliandika kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule Mtaguso uliagiza kwamba muziki wa mataifa uheshimiwe. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali Misale yetu ya Zaire. Watu hao walithubutu. Na sisi warithi wao? Tunaingia katika zoezi la korali siku ya Jumamosi: kinanda cha umeme kinawashwa, mdundo uliotengenezwa kiwandani unaanza kwa kubonyeza kifungo kimoja, na wimbo uliochukuliwa kwa simu kutoka Kinshasa, Nairobi au Dar es Salaam unafundishwa kwa saa moja. Sisi wenyewe, tunaungama, tuliwahi kumnyamazisha mama mmoja mzee aliyetaka kutufundisha wimbo wa Kifuliru wa kumlilia marehemu, kwa sababu haukuingia katika mdundo wa kinanda. Mama yule amekwisha kufa. Wimbo wake hatuna. Hatuwezi kuwalaumu vijana wa baa kwa kosa tulilolitenda sisi sakristiani.

Basi jibu letu ni hili. Katika kila kizazi nyimbo hutoka katika kalibu, na kalibu hutengenezwa na chombo, na soko, na mchezo unaopendwa. Kizazi chetu kina kalibu nzito kuliko zilizotangulia, maana mdundo mzima unanunuliwa tayari. Lakini swali la kumwuliza mwimbaji, wa baa au wa korali, si kama anarudia. Tumwulize: kiitikio chako kinamwitikia nani, na yule anayetangulia ameona nini leo? Akiwa na jibu, arudie mpaka asubuhi.

Kuna neno moja tena katika kitabu cha Burton, nalo tunalitafakari mara nyingi. Anasema kelele ya wapiga kafi ilidumu siku nzima, isipokuwa walipoingiwa na hofu; hapo wote walinyamaza. Ukimya wa namna hiyo tunaujua. Tarehe 28 Novemba 1964, Baraka na Fizi, waliuawa mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipita Uvira, na tangu hapo vimerudi mara nyingi. Siku hizo hakuna aliyeuliza kama nyimbo zinafanana, kwa sababu hazikuwapo. Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa liliwatangaza wale wanne kuwa Wenye Heri, hapa Uvira, na watu waliimba. Ndiyo maana, tukisikia vijana wa mtaani wakirudia kiitikio chao usiku, twaweza kuwakosoa kesho. Lakini usiku ule kwanza tunamshukuru Mungu kwamba wanaimba. Kisha tunakwenda kumtafuta mama mwingine mzee, kabla hatujachelewa tena.