Amana ya Picha: Kutoka Vugiri hadi Pongwe

Msafiri aliyepanda garimoshi mjini Tanga mwishoni mwa mwaka 1894 safari yake ilikomea Pongwe, maana reli ya Wajerumani ilikuwa haijavuka hapo. Ikafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, na tangu hapo kila shehena iliyotoka bandarini kwa reli kuelekea milima ya Usambara haikuwa na njia ila kupita mbele ya kituo chetu cha Pongwe. Nimeanza na reli kwa sababu fani ya kuhariri picha, ambayo leo vijana wa Pongwe huifanya sebuleni kwa kompyuta, ina ukurasa wake wa kale katika milima hiyo hiyo.

Juu ya Korogwe, mahali paitwapo Vugiri, kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na karakana ya jaribio la filamu. Jaribio hilo, lililojulikana kwa jina la Bantu Educational Kinema Experiment, liliendeshwa na Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na makusudio yake yalikuwa kuwafundisha Waafrika yale ambayo watawala waliona yawafaa: kilimo, afya, kodi, na kuweka akiba posta. Zilitengenezwa filamu 35, kwa utepe mwembamba wa milimita 16, na sauti haikuwamo katika utepe bali ilinaswa peke yake juu ya santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa Kiswahili hapa, Kisukuma kule, na Kiganda kwa Waganda.

Msomaji na azingatie taabu iliyomo. Picha i katika kopo lake, maneno yake yamo katika santuri, na kila lugha ina santuri yake. Santuri ikipotea picha imekuwa bubu, na zikichanganywa, somo la kahawa litasikika likieleza safura. Tena, kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, fundi anayeunga utepe uliokatika akitupa picha 48 tu, kiasi cha shibiri moja na nusu, sauti itasalia nyuma kwa sekunde mbili hadi mwisho wa onyesho. Kwa hiyo alama, namba na mahali pa kila kitu ndivyo vilivyokuwa roho ya kazi.

Kanda za video zilipoenea kwetu katika miaka ya 1980, kila nakala iliyotolewa kutoka kanda hadi kanda ilipungua uangavu, na kanda ya asili ikawa amana ya kufungiwa kabatini. Leo amana hiyo imo katika kadi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na wepesi wake ndio hatari yake, maana kadi hiyo hiyo hufutwa ili ipigiwe harusi ya wiki ijayo.

Niliketi usiku mmoja na kijana jirani yangu, aliyerejea kutoka harusi ya siku tatu. Kabla hajakata hata picha moja alifungua folda yenye tarehe na jina la ukoo, na ndani yake akatia nyingine nne: Singo, Akdi, Walima, na Sauti, hii ya mwisho kwa ajili ya kinasa alichokiweka mbele ya shehe; kisha akanakili vyote katika diski mbili, moja akampa mamake aitie sandukuni, ndipo akaifuta kadi. Nikamwuliza kwa nini sauti aiweke mbali.

“Mzee wangu, kamera ilikuwa nyuma ya watu, na neno la kukubali husemwa mara moja.”

Akanionyesha jinsi anavyozipatanisha: kofi moja alilolipiga mbele ya kamera kabla shehe hajaketi, likaonekana katika picha na kusikika katika kinasa. Kofi hilo ni ndugu wa alama ambayo sindano ya santuri ilikuwa ikiwekwa juu yake.

Katika filamu zile 35 za Vugiri, zilizobakia ni chache mno. Nyuso zilizopotea humo zilikuwa za watu wetu, na wajukuu wao wangalipenda kuwaona. Nyuso za singo ya juzi nazo zitatafutwa na watoto ambao hawajazaliwa, na siku hiyo watakaloliuliza kwanza ni hili: sanduku la bibi liko wapi?