Kutoka Reto hadi Bac 3: Tarehe ya Madarasa ya Bujumbura

Anayetaka kujua madarasa ya Bujumbura yalivyopata majina yake na apande Kiriri. Kwenye kilima kile kinachotazama mji na Ziwa Tanganyika, miaka ya 1950, mapadri Wajesuiti walijenga Collège du Saint-Esprit, wakawaketisha watoto wa rangi zote pamoja zama ambazo ukoloni uliwatenga. Wako wanaoipa heshima ya kuwa chimbuko la majina hayo Groupe Scolaire ya Astrida, iliyofunguliwa 1929. Astrida ilifunza machifu na makarani, sawa. Lakini Astrida iko Rwanda.

Kiriri hesabu ilishuka. Kwa desturi ya Ubelgiji, mwanafunzi aliingia darasa la sita, akateremka mwaka hata mwaka mpaka la kwanza, lililoitwa rhétorique, au kwa mkato reto. Kabla yake lilikuwapo poésie. Wajesuiti waliutoa mpangilio huo katika Ratio Studiorum, mwongozo wao wa mwaka 1599, uliopanga sarufi chini, fasihi juu yake na balagha kileleni. Mwenye reto alikuwa mtu aliyefunzwa kusimama mbele za watu na kunena!

Chuo kikuu kilianzishwa 1964, na baadaye majengo yale yale ya kilimani yakawa kampasi yake. Humo hesabu ikapanda: kandidatira ya kwanza, ya pili, kisha lisansi ya kwanza, ya pili.

Sheria ya elimu ya juu ya 2011 ikaleta mfumo wa BMD (Baccalauréat, Master, Doctorat), na wanafunzi wakawa Bac 1, Bac 2, Bac 3. Hapa pana ugomvi, na haki iko kwa wazee wa kandidatira. Ufaransa, bac ni mtihani wa kumaliza sekondari. Bujumbura ni shahada ya miaka mitatu. Kijana wa kampasi ya Mutanga, Bujumbura, akiandika "nina Bac" katika maombi ya kwenda Paris, atahesabiwa kama aliyetoka sekondari jana. Kandidatira haikumpunguzia mtu miaka yake.

Sekondari nayo, baada ya zama za reto, ikawa la saba hadi la kumi, halafu humanite ya miaka mitatu. Mageuzi ya 2013 yaliingiza la saba, la nane na la tisa ndani ya shule ya msingi mpya, ECOFO (école fondamentale), na la kumi likafutwa. Mwaka wa masomo 2015–2016, la tisa la kwanza la mfumo mpya na la kumi la mwisho la mfumo wa zamani yalimaliza pamoja, wadogo na kaka zao wakigombea nafasi zilezile za kuendelea.