Simu Ilivyopanda Mlima

Tuliozaliwa milimani Upare kabla ya 1985 tunaikumbuka safari ya kupiga simu. Ulishuka kwa miguu mpaka posta ya barabarani, ukaandikisha namba ya Dar es Salaam, ukakaa kwenye benchi hadi uitwe. Kisha ukapaza sauti, "Bibi amefariki, mazishi Jumamosi!" na ofisi nzima ikakupa pole. Huko Dar nako simu ilipokelewa ofisini kwa mtu mwingine. Wapo kati yetu waliofika nyumbani wakakuta kaburi limeshafukiwa.

Simu zote za nchi zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Aliyetaka laini aliomba na kusubiri. Sheria ya 1993 ikaligawa: posta ikabaki peke yake, simu zikawa za TTCL, na ikaundwa tume ya kusimamia sekta. Mwaka 1994 Mobitel ikaleta simu za mkononi jijini Dar es Salaam, zikawa za wenye fedha. Vodacom ilipoingia 2000 na Celtel 2001, ndipo ushindani ukaanza kumfikia mtu wa kawaida. Vocha ilifanya kazi kubwa hapo: hakuna fomu wala dhamana, unakwangua na kuongea. TCRA ilianzishwa 2003, na mwaka 2005 soko likafunguliwa kabisa. Kufikia 2010 nchi ilikuwa na laini za mkononi takribani milioni 21, huku simu za mezani zikibaki pale pale, kama 170,000.

Sisi wahasibu huuliza nani analipa. Mtandao mmoja ukipiga kwa mwingine, wa kwanza humlipa wa pili kwa kila dakika. Gharama hiyo ilipokuwa juu, kila mtu alitembea na laini tatu mfukoni. TCRA iliishusha hadi shilingi 34.92 mwaka 2013, na 15.60 mwaka 2018. Leo vifurushi vya mitandao yote tunavichukulia kama jambo la kawaida.

Lakini ushindani hufuata wateja. Minara ilisimama mijini na kando ya lami, sisi tukawa na "jiwe la mtandao" ambalo kila jioni lilikuwa na foleni. Mnara wa mlimani unahitaji barabara, umeme au dizeli, na mlinzi, ilhali wateja wake ni wachache na hununua vocha ya shilingi 500. Hesabu hiyo haifungi, na hatuwezi kuwalaumu wafanyabiashara kwa kuiona. Ndiyo maana sheria ya 2006 ikaanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni za simu huchangia, kisha Mfuko hutangaza zabuni za maeneo yasiyo na mawasiliano, na anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye hupewa.

Bonde lililo nyuma ya mlima wetu bado halina mawasiliano. Muuguzi wa zahanati akihitaji gari la wagonjwa hupanda hadi ukingoni kutafuta mtandao. Masika yaliyopita mama mjamzito alibebwa kwa machela usiku, kwenye utelezi, kabla simu haijapatikana. Mama na mtoto wako salama, lakini hatutaki kubahatisha tena.

Mzabuni yeyote atauliza kwanza gari litafikaje kileleni. Wazee wameshatoa eneo la mnara, na vijana wamechimba njia kwa msaragambo hadi kwenye korongo. Kilichobaki ni kalavati mbili na kifusi, kazi ambayo jembe peke yake haliwezi. Harambee ya mwaka huu ni ya hizo kalavati.

Namba ya kuchangia iko ukurasa wa mwisho. Kabla ya kuingiza namba ya siri, hakikisha jina linalotokea ni la chama chetu, si la mtu binafsi, na utunze ujumbe wa muamala hadi upate stakabadhi.