Vionjo vya mashabiki

Vionjo vya mashabiki (kwa Kijapani: fan sābisu) ni mambo yanayowekwa katika anime au manga ili kuwafurahisha watazamaji au wasomaji, hata kama kisa hakiyahitaji. Mara nyingi ni picha zinazosisitiza maumbile ya wahusika, hasa wanawake. Pia huweza kuwa mitambo ya kivita au utani unaoeleweka na mashabiki wa muda mrefu.

Kufaa kwa vionjo hivyo hutegemea lengo la kazi yenyewe. Katika Lupin III, kisa cha wizi na vichekesho kilichotokana na manga ya Monkey Punch iliyoanza mwaka 1967, Fujiko Mine hutumia uzuri wake kumlaghai Lupin. Hapo mvuto wake ni sehemu ya kisa.

Hali ni tofauti katika Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa Hideaki Anno wenye sehemu 26, ulioonyeshwa Japani mwaka 1995 hadi 1996. Katika matangazo ya sehemu zinazofuata, mhusika Misato Katsuragi huwaahidi watazamaji "sābisu", ilhali kisa kinahusu upweke, hofu na majonzi. Wapo wanaoona kwamba vionjo hivyo huvuruga huzuni iliyojengwa. Wengine husema humfanya mtazamaji ajiulize anatazama kwa nia gani. Lawama huwa nzito zaidi kwa kuwa marubani wakuu ni watoto wa miaka 14.

Njia moja ya kupima ni kuuliza kama kisa kingepungukiwa na chochote endapo picha hiyo ingeondolewa.