BD za Kongo: kutoka karatasi ya sokoni hadi kioo cha telefoni

Leo kijana wa Bukavu, Uvira ao Kalemie akitaka kusoma BD, yaani hadithi inayosimuliwa kwa picha zinazofuatana, hatafuti tena kitabu. Anafungua telefoni. Wengi wanaona ni mtindo wa kisasa tu. Lakini tukifuata historia ya BD katika inchi yetu, tutaona kwamba kila mara njia ya kuchapisha ilipobadilika, mambo matatu yalibadilika nayo: nani anachora, anachora kwa lugha gani, na nani anasoma.

Mwanzoni mashini ilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1940 na 1950, gazeti la serikali lililoitwa Nos Images lilikuwa likitoa vituko vya Mbumbulu. Maandishi yaliwekwa kwa Kifaransa na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Msomaji alifundishwa namna ya kuvaa, kula na kuishi kama Wabelgiji walivyotaka. Lugha ilikuwa yetu, lakini aliyesema si sisi.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1968 huko Kinshasa, Freddy Mulongo na Achille Ngoye walitoa gazeti Jeunes pour Jeunes. Wahusika wake, kama Apolosa, walisema jinsi vijana walivyosema barabarani, Kifaransa kikichanganywa na Kilingala.

Kunako mwaka 1990 akatokea Papa Mfumu'Eto. Huyu hakungoja gazeti wala serikali. Alichora mwenyewe, akaandika kwa Kilingala, akatoa vijitabu vya kurasa chache kwa karatasi ya bei ndogo, vikauzwa sokoni. Kimoja kilisimulia mtu anayegeuka chatu, anameza mwanamke na kutapika pesa. Mobutu alikuwa bado madarakani, na wasomaji walijua kusoma yaliyo nyuma ya picha.

Tuangalie vizuri: karibu yote hayo yalikuwa Kinshasa. Kutoka Kinshasa hadi Bukavu hakuna barabara ya maana. Karatasi inapanda ndege, na bei inapanda nayo. Hata BD inayohusu mashariki ilitufikia kwa shida. Mwaka 2014 Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alitoa Madame Livingstone pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni hadithi ya vita ya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Kitabu kilitoka Ufaransa, kwa Kifaransa. Bei ya kitabu kama hicho haiko kwenye uwezo wa mwanafunzi wa Kalemie, ingawa ziwa ni lake.

Hapo ndipo teknolojia ya dijitali inapoingia. Haikuanza jana. Mwaka 1985 Wamarekani walitoa Shatter, BD iliyochorwa kwa kompyuta ya Macintosh. Korea Kusini, kunako mwaka 2003 na 2004, kampuni za intaneti Daum na Naver zilianza kutoa hadithi za kusoma kwa kushuka, picha baada ya picha. Leo ndivyo vijana wengi wanavyosoma kwenye telefoni.

Namna hiyo imebadilisha sanaa yenyewe. Katika kitabu, mchoraji anaficha jambo la kushtua nyuma ya ukurasa, unaugeuza, unashtuka. Kwenye telefoni hakuna ukurasa wa kugeuza, kuna kidole kinachovuta. Kwa hiyo ile nafasi nyeupe kati ya picha na picha imekuwa kama saa. Ikiwa fupi, ni dakika moja imepita. Ikiwa ndefu, ni usiku mzima, ao ni woga wa mtu anayengoja mlango ugongwe.

Maneno nayo yamepungua. Kioo ni kidogo, herufi zinapaswa kuwa kubwa. Mchoraji anayejaza maneno mengi mdomoni mwa mhusika anapoteza msomaji. Rangi, ambayo mchapishaji alidai pesa nyingi kwa ajili yake, sasa haina gharama ya ziada. Na kosa la wino linafutwa mara moja. Lakini hapo kuna hasara: mchoro wa karatasi unaweza kutundikwa ukutani ao kuuzwa. Faili haina mchoro wa asili; nakala zote ni sawa.

Faida kwetu ni kubwa. Kijana wa Uvira anaweza kuchora kwa Kiswahili chetu na kusomwa Lubumbashi jioni hiyohiyo, bila kuomba ruhusa Kinshasa. Shida ni malipo. Kijitabu cha Papa Mfumu'Eto kilinunuliwa kwa pesa mkononi. Leo picha ikizunguka WhatsApp, msomaji analipa mega kwa kampuni ya telefoni, na mchoraji hapati kitu. Mara nyingi hata jina lake limekatwa njiani.

Tena kuna suala la kumbukumbu. Karatasi za Papa Mfumu'Eto zimetunzwa leo katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Telefoni ikiibiwa ao ikijaa na picha zikafutwa, nani atatunza? Kwa upande mwingine, sisi wa mashariki tunajua kukimbia. Nyumba ikiungua, karatasi zinaungua nayo. Faili iliyotumwa kwa ndugu wa mji mwingine inabaki.

Kwa hiyo wachoraji wetu waandike jina ndani ya mchoro wenyewe, si pembeni ambako linakatwa kwa urahisi. Wahifadhi faili mahali pawili, na hadithi iliyopendwa wachape nakala chache za kuuza. Na sisi wasomaji, kabla ya kutuma picha kwa mwingine, tuangalie kama jina la aliyeichora bado lipo.